Ziwa Lipo, Beseni la Nini? Mahali pa kuweka maji ya ndege bustanini

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana? Mwadila!

Kabla sijafika hapa mbele, mzee mmoja amenidaka mlangoni: "Mwalimu, Ziwa Victoria lote lile, wewe unakuja kutufundisha kuwawekea ndege maji kwenye beseni?" Waliokuwa karibu wamecheka, nami nimecheka. Lakini swali ni la haki, basi nianze nalo.

Ndege mdogo hapendi kuoga ziwani. Kwera, shomoro, tetere, chozi, hawa wanataka maji yasiyowapita tumbo, yaliyotulia, na mahali pa kuangaza macho huku na huku. Ufukweni kuna mawimbi, kwenye matete kuna kenge, na juu ya mialo mwewe wanazunguka kutwa nzima. Halafu ndege anayeishi kwenye miti ya Isamilo au Bugando, hapa kwetu Mwanza, hawezi kushuka ziwani kila akishikwa na kiu. Msimu wa mvua anakunywa kwenye vishimo vya mawe. Ikifika Juni hadi Septemba, vishimo vimekauka, naye anahangaika. Hapo ndipo beseni lako lina kazi.

Sasa liwekwe wapi? Wengi wetu huanza na uzuri: katikati ya nyasi, mbele ya nyumba, wageni walione. Mimi nasema anzeni na bomba. Naona akina mama wanacheka, wanajua nani atabeba hizo ndoo.

Jamani, huku kwetu malaria tunaijua. Kwa joto letu, mbu anahitaji kama wiki moja tu kutoka yai hadi kuruka. Ukimwaga maji kila baada ya siku mbili, hakuna kiluwiluwi atakayefika kuota mbawa. Ukisahau kwa wiki mbili, umefuga mbu, na jirani akija kugonga geti atakuwa na haki yake. Beseni lililo hatua chache kutoka bombani, unapopita asubuhi kwenda kufungulia kuku, litamwagwa. Lililo kule nyuma ya migomba litamwagwa wiki ya kwanza, basi. Na kumwaga peke yake hakutoshi, kwa sababu mbu anayeeneza dengi hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yale yanavumilia ukavu. Chukua dodoki, sugua ukuta wote, suuza, jaza upya. Sabuni haina haja.

Tukishamaliza la bomba, tumfikirie paka.

Mtazame kwera anavyokuja kunywa. Hatui kwenye maji moja kwa moja. Anatua kwanza kwenye tawi la karibu, anageuza kichwa kulia, kushoto, kisha anashuka ukingoni. Anachota maji kidogo, anainua kichwa juu ili yateremke kooni, anatazama tena. (Hua na tetere hawana adabu hiyo: wanazamisha mdomo na kufyonza mfululizo.) Akijiridhisha ndipo anaingia, anajikung'uta, anapiga mbawa mpaka maji yanaruka nje. Akitoka hapo ameloa chapachapa na hawezi kuruka mbali. Huo ndio muda ambao paka anausubiri.

Kwa hiyo kichaka kisigusane na beseni. Acha uwazi wa mita mbili au tatu, nyasi fupi, paka akitoka mbio aonekane. Lakini usipeleke beseni uwanjani kabisa, maana ndege aliyeloa anahitaji tawi la karibu la kukimbilia, akauke, apange manyoya yake na kuyapaka mafuta yanayotoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia. Ukiliinua juu ya gogo au tofali hadi usawa wa kiuno, ni bora zaidi. Tawi lisiwe juu ya beseni lenyewe, ama sivyo utasugua kinyesi na majani kila siku.

Kuhusu jua, tahadharini na ushauri wa vitabu vya Ulaya. Kule jua liko kusini, kivuli kinaangukia kaskazini, mwaka mzima. Sisi tuko karibu na Ikweta. Jua la utosi hutupitia mara mbili, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Katikati ya mwaka jua la mchana linaegemea kaskazini, kivuli cha mwembe wako kiko kusini. Desemba ni kinyume chake. Ukifuata kaskazini na kusini utahamisha beseni kila msimu. Tumia mashariki: weka beseni upande wa mashariki wa mti au wa nyumba. Litapata jua la asubuhi, na kuanzia alasiri litakuwa kivulini mwaka mzima, na alasiri ndiyo saa maji yanachemka. Kivuli pia hupunguza ule ukijani wa utelezi. Karai la bati waachieni mafundi ujenzi, juani linaunguza. Kisahani cha udongo cha kuwekea chungu cha maua kinafaa kabisa: kina chake kisizidi vidole vitatu, na ndani weka jiwe la kusimamia.

Mawe! Nusu ya viwanja vya Mwanza vina jabali ndani, na majabali mengine yana bonde dogo juu. Kama lako linalo, umeshapewa beseni, na ndege wanalijua kabla yako. Tatizo ni moja: jabali huwezi kulipindua. Utakausha maji kwa tambara na kujaza upya, la sivyo acha. Yule mjusi mwenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu atakuwepo akiota jua. Mwacheni. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, kwa hiyo ni mwenyeji kuliko sisi.

Dirisha kubwa la kioo nalo ni hatari, ndege huona miti ndani yake. Beseni likiwa ndani ya mita moja kutoka kiooni, akishtuka hajapata kasi ya kujiumiza. Mita tano au sita ndiyo mbaya.

Ndiyo, mama, uliza. Kuku wa kienyeji wanywe humo humo? Hapana, mama yangu. Ndege wa porini wanaweza kuleta ugonjwa, na mdondo ukiingia bandani unaujua mwenyewe. Kuku wawe na chombo chao, mbali, na wachanjwe. Hilo la ndege liwe juu, wasilifikie.