Wanga kwenye sahani ya Nyanda za Juu Kusini

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za asubuhi. Nawashukuru kwa kuja, maana najua Jumamosi watu wa Mbeya wako shambani au wako Mwanjelwa sokoni.

Nimeombwa nizungumzie kupunguza uzito kwa kupunguza vyakula vya wanga. Msimamo wangu nautoa mapema: kupunguza wanga kunasaidia, na kwa watu wengi waliokaa humu ndani kunafaa. Kuuacha kabisa ndiko ninakokuogopa, kwa sababu mtu huanza kwa kishindo na baada ya miezi mitatu amerudi alikotoka.

Tuangalie sahani ya sherehe zetu. Chini kuna wali wa Kyela, unanukia hadi nje ya turubai. Pembeni kuna ndizi za Tukuyu, juu yake viazi mviringo vya rosti, halafu tambi, na ukingoni chapati imekunjwa. Nyama vipande viwili, kabichi kijiko kimoja, soda ya baridi. Mtu anajiona amekula mchanganyiko. Lakini wali, ndizi, viazi, tambi na chapati vyote ni wanga, na soda ni maji yenye sukari. Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa zina wanga gramu 28 hivi. Viazi vya kuchemsha vina kama gramu 20. Ukivipanga sahani moja unalimbikiza kitu kilekile. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla hujafikiria mlo wowote wa kisasa, ni hii: chagua kimoja. Ukichukua wali, viazi viache.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1863 William Banting, mtu wa London aliyekuwa akiendesha biashara ya mazishi, alichapisha kijitabu akieleza alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Naomba mkumbuke hiyo bia, maana kuna anayepunguza ugali mchana na jioni anakaa kwenye pombe ya komoni, au akiwa Iringa kwenye pombe ya ulanzi, na hivyo havihesabu.

Sasa, kwa nini wiki ya kwanza mzani unashuka haraka? Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu kama 3 za maji. Ukipunguza wanga, akiba inatumika na maji yanatoka kwenye mkojo. Kilo mbili zimeondoka, wewe unashangilia, kumbe mafuta ya tumboni bado yapo palepale. Wiki ya tatu mzani unapunguza mwendo na mtu anakata tamaa. Hapo ndipo mafuta yanapungua polepole, na ndipo ninapowapoteza wengi. Inaniuma sana.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu wazima 609 waliofuatiliwa miezi 12. Kundi moja lilipunguza mafuta, jingine wanga. Wa mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Makundi yote mawili yaliambiwa wale mboga kwa wingi, wapunguze sukari na unga uliokobolewa. Na ndani ya kila kundi wako waliopungua zaidi ya kilo 20, na wako walioongezeka. Basi anayekuambia mlo wake ndio pekee unaofaa, msikilize kwa tahadhari.

Na sisi tuna bahati ya mazingira. Maharage yana wanga, ndiyo, ila yana protini na nyuzinyuzi, yanakaa tumboni muda mrefu, msiyatupe. Usipa, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, mayai, mchicha, majani ya maboga, vyote vinapatikana. Parachichi la Rungwe lina wanga kidogo sana, ila lina mafuta mengi, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga ina 4. Nusu parachichi inatosha. Matatu kwa siku kwa sababu "hayana wanga" ni kujidanganya. Ugali uwe wa dona, tonge zipungue, mboga za majani zijaze nusu ya sahani.

Anayelima kwa jembe kutwa nzima simwambii apunguze ugali kama ninavyomwambia anayekaa dukani na kurudi nyumbani kwa bodaboda. Mama mjamzito au anayenyonyesha asianze mlo huu kwa kusikia kwa jirani.

Na sasa wenye kisukari, hili mlisikilize vizuri. Ukitumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi, halafu ukakata wanga ghafla bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka hadi ukatetemeka, ukatoka jasho, ukazimia. Usiache dawa mwenyewe pia. Nenda kliniki, mweleze daktari unachotaka kubadilisha kwenye chakula, dozi ipangwe upya ndipo uanze. Waliokuja na kadi zao za kliniki wabaki baada ya maswali, tuzipitie mmoja mmoja.