Jinsi ya kupima kama ngazi za nanomita zinaelekeza usumaku wa utando wa oksidi

Karibuni. Hapa mezani nina bamba la fuwele la milimita 5 kwa 5, na juu yake tutaotesha utando wa oksidi wenye unene wa nanomita 10. Tunataka kujua kama umbo la uso wa bamba ndilo linaloamua usumaku wa utando uelekee wapi. Jibu tutalipata kwa kuzungusha sampuli, lakini kuzungusha hakutakusaidia kitu kama hujui ngazi za uso zimelala upande gani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi tunaifanya kabla ya kugusa sumaku.

Bamba letu ni la strontiamu titaneti, SrTiO3. Utando ni oksidi ya lanthanamu, strontiamu na manganizi, ambayo maabara nyingi huiita LSMO. Nimeuchagua kwa sababu ukioteshwa vizuri hubaki na usumaku hadi karibu kelvini 350, yaani nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Tutapima kwenye joto la chumba, bila gharama ya heliamu ya kimiminika.

Anza na mkato wa bamba. Hakuna fuwele inayokatwa sawasawa kabisa. Daima hubaki mteremko mdogo, na mteremko huo kwa macho ya atomi ni ngazi. Kila ngazi ina kimo cha nanomita 0.39, sawa na seli moja ya fuwele, yaani kipande kidogo kabisa kinachojirudia ndani yake. Kupata upana wake, gawa 0.39 kwa tanjenti ya pembe ya mteremko: nyuzi 0.1 inakupa nanomita 220 hivi, nyuzi 2 inakupa 11 tu. Leo tunatumia 0.1. Ukiweza, agiza bamba ambalo ngazi zake zimekaa mshazari na mihimili ya fuwele (mistari ambayo atomi zimejipanga kuifuata), sababu utaiona tukifika kwenye grafu.

Sasa usafi. Wengi hutumia asidi ya hidrofloriki. Mimi siionyeshi hapa: inapenya ngozi, inashika kalsiamu ya mwili, na kwa kazi hii unaweza kuiepuka. Weka bamba kwenye tanuri la nyuzi 1000 kwa saa moja, liache lipoe, litikise kwenye maji yasiyo na ayoni kama nusu dakika, kisha lirudishe tanurini saa nyingine. Maji huondoa oksidi ya strontiamu iliyojitokeza juu, unabaki na uso wa titani na oksijeni.

Lipeleke chini ya hadubini ya nguvu za atomi. Piga picha ya mikromita 1 kwa 1. Unatakiwa kuona ngazi nne au tano, kingo zimenyooka. Chora mstari wa kimo ukikata ngazi hizo, kisha usome namba. Ikisoma karibu 0.4, endelea. Ukikuta vidaraja vya 0.2, simama hapo hapo: hiyo ni nusu ya seli, maana yake uso una mchanganyiko wa strontiamu na titani, na utando utaota mabaka mabaka. Rudia maji na tanuri. Uso ukiwa safi, weka alama kwenye kona moja ya bamba, upande wa nyuma, kisha andika pembe ya kingo kutoka kwenye alama hiyo.

Kuotesha nakupitisha haraka, maana kila mashine ina tabia zake. Tunatumia leza ya nanomita 248, bamba likiwa na joto la nyuzi 750 hivi ndani ya oksijeni hafifu. Ukimaliza, ongeza oksijeni kabla ya kupoza. Utando ukipungukiwa oksijeni, elektroni hazirukiruki vizuri kutoka manganizi hadi manganizi, na usumaku unadhoofika. Kisha rudi kwenye hadubini uhakikishe ngazi bado zinaonekana juu ya utando.

Hapa shika kibano cha plastiki, si cha chuma. Mwaka 2004 watafiti wa Dublin walitangaza usumaku wa ajabu kwenye utando wa oksidi ya hafniamu. Mwaka uliofuata wengine walionyesha kwamba kibano cha chuma pekee kinaweza kuacha ishara ya namna hiyo. Kumbuka bamba lako ni nene mara 50,000 kuliko utando. Kwa hiyo pima pia bamba tupu lililopita hatua zote za usafi.

Weka sampuli kwenye kipimo cha Kerr, kile kinachosoma usumaku kwa mwanga unaoakisiwa. Anza uga wa sumaku ukiwa sambamba na kingo, chora kitanzi cha histeresisi, yaani grafu ya usumaku uga ukipanda na kushuka, zungusha nyuzi 10, chora tena, hadi umalize duara. Tazama skrini: sambamba na kingo, kitanzi ni cha mraba, na uga ukiondolewa usumaku unabaki karibu wote. Uga ukikatisha kingo, kitanzi kinalala na kusinyaa. Kwa nini? Kwenye uso wenye mikunjo kama bati, usumaku unaokatisha matuta huzalisha ncha za sumaku kila ukingo, na hilo linagharimu nishati. Unaofuata matuta haulipi gharama hiyo. Kwa ngazi fupi kama hizi mimi huwa naangalia zaidi atomi za ukingoni, zilizopoteza majirani upande mmoja, kuliko hizo ncha.

Chora masalio ya usumaku, yaani ule unaobaki uga ukiondolewa, dhidi ya pembe, kwenye grafu ya duara. Umbo la namba 8 linamaanisha usumaku unapendelea mhimili mmoja. Petali nne ni fuwele yenyewe inayosema. Na hapa ndipo mshazari unalipa: kama namba 8 inafuata kingo badala ya mihimili ya fuwele, ngazi ndizo zinazoelekeza.

Ukiwa na kifaa cha kupoza, teremsha joto uone. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kiliripoti mwaka 2005 kwamba LSMO juu ya ngazi za namna hii hufuata kingo kwenye joto la chumba, ila kwenye baridi kali nguvu ya fuwele huishinda ile ya ngazi. Pia otesha utando mwingine wa nanomita 40: kama athari inatoka usoni, namba 8 itafifia.