Mass Effect 2: Jinsi ya kupita lango la Omega-4 na kurudi na watu wako wote

Assalaam aleikum wenzangu, karibuni. Leo tunaingia ile misheni ya mwisho ya Mass Effect 2, ya kupita lango la Omega-4 kwenda kambi ya adui, Collectors, ile ambayo ndani ya gemu kila mtu anakwambia ukienda hurudi, na tutatoka tukiwa na watu wote kumi na wawili wazima. Nasema mapema kwa sababu hapa Mombasa, kuanzia Kuze mpaka Kisauni, kuna maneno yanazunguka kwamba Mordin, yule mzee wa maabara, hana budi kufa, ati waliotengeneza gemu wameshaamua. Si kweli. Mordin hufa kwa sababu ya mambo uliyoamua wewe, mengine saa nyingi kabla hujafika huko.

Gemu hii ya BioWare ilitoka Januari 2010. Toleo jipya lenye gemu zote tatu, Legendary Edition, lilitoka Mei 2021. Misheni ya mwisho ni ile ile, kwa hivyo hata kama una Xbox 360 ya zamani, nifuate tu. Tofauti ni kwamba wenzako wawili, Kasumi na Zaeed, zamani walikuwa nyongeza za kupakua mbali, sasa wamo ndani. Wa kompyuta, tayarisheni nafasi ya gigabaiti 120, na mtafute waifai ya kutegemewa, maana bando la simu halitafika popote.

Kwa wanaochezea madukani kwa kulipia saa, nisikilizeni hapa. Kila uamuzi wako unaishi ndani ya sevu, yaani faili la mchezo uliohifadhi. Usicheze kwenye profaili ya duka. Fungua yako, yenye jina lako, la sivyo kuna siku mtu atamkuta Shepard wako, yule mhusika unayemchezesha, aendelee naye, aamue mambo kwa niaba yako, na wewe hutajua mpaka watu waanze kuanguka.

Haya, tuanze na chombo. Normandy inahitaji vitu vitatu kabla ya kukaribia lango: deraya nzito ya nje, ngao, na mzinga wa Thanix. Havitokezi vyenyewe dukani. Lazima uende kuongea na wenzako wa kikosi. Deraya ni ya Jacob, yuko deki ya pili kwenye ghala la silaha. Mzinga ni wa Garrus, deki ya tatu, kule mbele kabisa kwenye chumba cha mizinga. Ngao ni ya Tali, deki ya nne kwenye injini. Zungumza nao mpaka walitaje jambo lenyewe, kisha nenda maabara ya Mordin, fungua mashine ya utafiti, ununue. Malipo ni madini, paladiamu na platinamu, na madini unayapata kwa kuskani sayari. Najua inachosha. Fanya hivyo hivyo. Kila kimoja utakachokosa hapo kitamuua mtu mmoja wakati chombo kinapita, kabla hata hujashika bunduki. Ukikosa deraya, anayekwenda ni Jack.

Sasa tufike kwenye uaminifu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotezea watu bila kujua.

Kila mwenzako ana shida yake ya binafsi. Kelly, yule msaidizi wako pale karibu na ramani ya nyota, atakuarifu fulani anataka kukuona. Nenda, sikiliza, ifanye misheni yake. Utajua umefaulu ukiona amepata nguvu mpya na mavazi mapya ya kuchagua. Usipoviona, hajawa wako, hata kama misheni imeandikwa imekwisha. Tafadhali lishikeni hilo. Misheni kumalizika ni jambo moja, na moyo wa mtu ni jambo jingine.

Kwa wengi, ukimaliza umemaliza. Garrus, Jack, Miranda, Jacob, Mordin, Grunt, Kasumi, Legion: amua upendavyo, watakuwa nawe. Ila wapo wanne ambao unaweza kuimaliza misheni yao na bado ukawapoteza.

Wa kwanza Zaeed. Pale kwenye sayari ya Zorya utachagua kati ya kuokoa wafanyakazi walionaswa motoni na kumfuata Vido, adui yake. Ukiokoa wafanyakazi, Vido anatoroka, na Zaeed utampoteza isipokuwa una alama za Paragon, yaani za upole, za kutosha kumtuliza. Mimi huwaokoa wafanyakazi, siwezi kuwaacha waungue, lakini nakwenda baadaye, alama zikiwa zimejaa.

Wa pili Tali. Yuko mahakamani mbele ya watu wake, na wewe umeukuta ushahidi unaomchafua marehemu baba yake. Ukiutoa, Tali anaponea kesi, lakini wewe amekukataa. Usiutoe. Kama una yale majibu ya buluu (ya upole) au mekundu (ya ukali), yatumie. Kama huna, waache wamhukumu kufukuzwa. Anafukuzwa, inauma, na bado ni mwaminifu kwako, kwa sababu alichokuomba ni jina la baba yake lisiharibiwe, na umelilinda.

Wa tatu Thane. Mwanawe Kolyat amepewa kazi ya kuua mtu, na wewe unamfuata huyo mtu kutoka juu, kwenye vijia vya dari. Usikae kupiga porojo, mweke machoni muda wote. Ukimpoteza njiani, umempoteza Thane.

Wa nne Samara. Unaingia klabu ya kituo cha Omega peke yako, bila silaha, kumvuta Morinth, binti yake. Tembea mle ndani, zungumza na watu, tengeneza matatizo yao, mpaka Morinth mwenyewe aje kwako. Ukiharibu mambo mara nyingi hatokei, na Samara hatakuwa upande wako.

Bado hatujamaliza. Ukishafanya misheni za Miranda na Jack, watagombana chomboni. Vilevile Tali na Legion. Ukimchagua mmoja, unampoteza mwingine. Ili uwapatanishe unahitaji yale maneno ya rangi upande wa kushoto, ya buluu au mekundu, na hayafunguki kwa mtu aliyekuwa leo mpole kesho mkali. Kwa hivyo tangu saa ya kwanza ya gemu, chagua njia moja ukae nayo. Kama umeshachelewa na mmoja amenuna, rudi kwake baadaye alama zikipanda. Miranda, kwa mfano, hurudi.

Tuje kwenye saa, kwa maana ya wakati. Kuna misheni ya kuingia ndani ya Reaper aliyekufa, yaani mashine kubwa ya adui, kuchukua kifaa cha utambulisho. Usiende huko mpaka umemaliza shida za watu wengine wote. Ukishakichukua tu, saa imeanza kuhesabu. Mwamshe Legion, yule roboti unayemtoa huko, haraka, fanya misheni yake, kisha Collectors watavamia Normandy na kuwachukua mabaharia wako wote isipokuwa Joker, rubani. Kuanzia hapo, nenda langoni moja kwa moja. Usipite dukani, usiskani sayari ya mwisho, usimalizie kazi ndogo ndogo. Ukienda papo hapo, mabaharia wote unawakuta hai. Ukifanya misheni moja mpaka tatu kati, nusu wamekufa. Ukizidisha, utamkuta Daktari Chakwas peke yake, na Kelly aliyekuwa akikusalimu kila asubuhi utamuona anavyoyeyuka ndani ya kioo. Kama hujawahi kuiona sehemu hiyo, jitahidi usiione.

Kabla hujabonyeza Omega-4, sevu kwa mkono, kwenye nafasi mpya. Stima ikipotea katikati utanishukuru.

Tumeingia. Chombo kimetua. Tazameni skrini, hawa wote wamekusanyika, na gemu inakuuliza: nani apite kwenye mfereji wa hewa kufungua milango? Jacob ananyanyua mkono. Ni jasiri, namheshimu, na ukimpa kazi hiyo atakufa. Mle ndani inatakiwa fundi wa mitambo: Tali, Legion au Kasumi, na awe mwaminifu. Mimi namtuma Legion. Halafu unaulizwa kiongozi wa kikosi cha pili. Hapo ni Garrus, Jacob au Miranda. Garrus aliongoza kikosi chake mwenyewe kule Omega, na alipowapoteza hakusahau, alikusimulia. Ukimpa uongozi asiyeufaa, anayelipa ni yule fundi wa mferejini, dakika ya mwisho mlango ukifungwa. Njiani kuna vidhibiti vya kumfungulia fundi, vipige mapema usiache muda uishe.

Sehemu ya pili. Kuna wadudu wale wanaogandisha watu, na mnahitaji mtu wa nguvu za bayotiki, za kusukuma vitu bila kuvigusa, awafunike kwa kuba. Sikilizeni Miranda anavyosema: kinadharia, bayotiki yeyote anaweza. Na yeye mwenyewe ni bayotiki. Thane pia, Jacob pia. Wakatae wote. Ni Jack, au Samara, au Morinth kama ulimchukua badala ya mama yake, na awe amekwisha kuwa mwaminifu. Ukikosea, mmoja wa wawili ulionao ananyakuliwa mbele ya macho yako. Kiongozi wa kikosi, rudia Garrus. Safari hii ukikosea kiongozi, anayekufa ni kiongozi mwenyewe. Ndani ya kuba, tembea mwendo wa Jack, usitangulie.

Mmeona lakini jinsi ilivyopangwa? Anayejitolea mbele ya watu mara nyingi siye anayefaa. Anayefaa umeshamjua kwa sababu ulikaa naye chomboni akakueleza maisha yake. Ndiyo maana naipenda misheni hii kuliko nyingine yoyote niliyocheza: haikupimi shabaha, inakupima kama ulikuwa unasikiliza.

Mabaharia tumewapata. Sasa unaulizwa nani awarudishe chomboni. Lazima umtoe mtu mmoja, ukikataa wanakufa wote. Awe mwaminifu, basi, kisha atafika salama. Mtoe Mordin. Na hapa ndipo penyewe.

Baada ya hapo unachagua wawili wa kwenda nawe kwenye pambano la mwisho, na wengine wote wanabaki kuzuia mlango. Gemu inachukua nguvu za waliobaki, inajumlisha, kisha inagawanya kwa idadi yao. Kwa hivyo wingi wa watu peke yake haukusaidii. Ni kama tui, ukizidisha maji linakuwa jingi lakini jepesi. Grunt, Zaeed na Garrus ndio wazito kabisa mlangoni. Miranda, Jacob, Thane, Samara na Legion ni wa kati. Mordin, Tali, Kasumi na Jack ndio wepesi, ingawa kazini kwao kila mmoja ni bingwa. Wastani ukishuka, gemu inaanza kuua, na wa kwanza kwenye foleni ni Mordin, akifuatiwa na Tali. Watu wanamchukua Grunt na Zaeed kwenda nao kwa bosi kwa sababu wana nguvu, wanamwacha mzee wa maabara mlangoni, halafu wanasema ilikuwa imeandikwa.

Basi fanyeni kinyume. Chukueni wepesi. Mimi nakwenda na Tali na Jack, Mordin yuko njiani na mabaharia, na mlangoni nimewaacha Garrus, Grunt na Zaeed wakiwa na wengine. Ila hao wawili wa kwenda nawe hakikisha ni waaminifu, maana asiye mwaminifu hatoki kwenye chumba kile, isipokuwa Miranda peke yake.

Pambano lenyewe halina mengi. Piga mirija, kisha piga macho na mdomo vinapofunguka, jifiche katikati. Kuilipua kambi au kuiacha ni uamuzi wako, hauui mtu wa kikosi. Mimi nailipua.

Shepard mwenyewe hufa wakisalia chini ya wenzake wawili, na sevu ya namna hiyo Mass Effect 3 haiipokei. Ile ya kwetu itapokelewa: Grunt atakuja na kikosi chake, Jack utamkuta Grissom Academy akiwa mwalimu. Kwa hivyo misheni ikishaisha na umerudi chomboni, usizime mashine. Zunguka deki zote nne, ongea na kila mmoja wao, halafu sevu tena kwenye nafasi nyingine, na hiyo ndiyo utakayoingiza kwenye gemu ya tatu.