Jicho la Mpigaji wa Besiboli: Zoezi la Kuacha Mpira

Assalamu alaykum, hamjambo nyote. Hapa ni uwanja wa Makadara, Mombasa, jua la alasiri limeshapunguza ukali. Nina gongo, mipira sita ya tenisi, kipande cha boksi nilichokata upana wa sentimita 43, na mpwa wangu wa kunirushia.

Wengi wenu mmezoea kriketi. Kule waweza kuuzuia mpira ukabaki papo hapo. Kwenye besiboli, ukiugonga ukaingia uwanjani lazima ukimbilie kituo cha kwanza, hata kama umeugonga ovyo. Ndiyo maana kwangu mimi mpigaji hodari hutambulikana kwa mipira anayoikataa.

Kwanza, laza boksi chini, usimame kando yake. Mpira halali ni ule unaopita juu ya boksi, kuanzia chini ya goti hadi katikati ya bega na mshipi.

Pili, na hapa msiwe na haraka. Weka gongo begani na usipige kabisa. Mrushaji akirusha, sema kwa sauti "wangu" au "pita" kabla mpira haujakufikia. Rudia mara ishirini. Macho yako yawe kwenye mkono wake pale mpira unapotoka, usimtazame usoni. Mrushaji wa ligi kuu ya Marekani husimama mita 18.44 kutoka kwenye kibao cha mpigaji, ambacho hapa ni boksi letu, na mpira wa kilomita 150 kwa saa hufika kabla nusu sekunde haijatimia. Hapo hakuna wakati wa kufikiri. Jicho liwe limeshafundishwa.

Tizameni alivyofanya Ted Williams, mpigaji wa timu ya Boston. Aligawa eneo halali katika nafasi 77, kila moja ya ukubwa wa mpira, akakadiria atafaulu kiasi gani katika kila nafasi. Katikati alijipa 400 kwa 1,000. Kwenye pembe ya chini, upande wa mbali naye, 230 tu. Mtu yule yule, gongo lile lile! Mwaka 1941 alimaliza msimu kwa wastani wa .406, yaani 406 kwa 1,000, na tangu hapo hakuna aliyefikisha .400 katika American League wala National League, ligi mbili zinazounda ligi kuu ya leo. Msimu huo alitolewa kwa mikosi mitatu (kupiga ukakosa, au kuacha mpira halali upite) mara 27 tu, na zaidi ya mara 140 alipewa kituo cha kwanza bure kwa kuacha mipira mibaya minne. Mimi namba hizo mbili zanigusa kuliko hiyo .406 yenyewe.

Tatu, chagua sehemu yako moja, tuseme usawa wa kitovu, na useme "wangu" kwa mpira wa hapo peke yake. Ukishakosa mara mbili ndipo upanue eneo, na ushike mpini wa gongo juu kidogo ili lizunguke upesi.

Sasa piga. Kiuno kianze kuzunguka, mikono ifuate. Mrushaji wa kweli husimama juu ya kichuguu, kwa hiyo mpira waja ukishuka. Gongo nalo lipande kidogo kuulaki.

Mpwa wangu, sogea hatua mbili karibu. Nanyi huko nyumbani, mtafuteni mtu wa kuandika: mipira mibaya iliyorushwa ni mingapi, na mingapi mmeiacha ipite. Haya, rusha.