Maji Unaweka Wapi?

SALMA: Karibuni tena. Leo tulipanga mambo matano ya kukagua kabla hujanunua gari la kale. Ila Baraka kaja na daladala, kwa hiyo aanze yeye.

BARAKA: Jumamosi natoka Chalinze. Kabla ya Mlandizi, taa nyekundu ikawaka. Nikajua ni chaji tu, betri itanifikisha Kibaha kwa fundi.

SALMA: Kumbe mkanda umekatika.

BARAKA: Umekatika. Na kwenye Volkswagen ya mzee, mkanda unaozungusha dainamo ya kuchaji betri ndio huohuo unaozungusha feni ya kupoza injini. Miaka 3 naliendesha, hilo nimelijua juzi.

SALMA: Ulitembea nalo umbali gani?

BARAKA: Kama kilomita 4. Harufu ya oili inaungua, gari halina nguvu tena. Nikaweka pembeni. Hapo ndipo watu wa maji walipoanza kuja.

SALMA: Ehee, watu wa maji!

BARAKA: Wa kwanza bodaboda, na chupa yake ya lita moja na nusu. “Fungua boneti.” Nafungua, anakuta tairi la spea na tangi la mafuta. “Injini iko wapi?” Nyuma. Tukaenda nyuma. “Haya, maji unaweka wapi?” Namwambia halina rejeta, linapozwa na upepo. Akazunguka gari mara 2 akiitafuta.

SALMA: Halafu mama wa mihogo.

BARAKA: Na dumu la lita 5 kichwani! Ningemrudishaje? Nikanawa, nikanywa, nikamshukuru. Mara Fuso ikasimama, utingo huyo anashuka na ndoo.

SALMA: “Kaka, maji unaweka wapi?”

BARAKA: Neno kwa neno! Sijaona watu wema kama wale. Wa mwisho ni mzee mmoja, mikono mitupu. Akauliza tu, “Mkanda wa akiba uko wapi?” Nikasema sina. Akasema mwenye gari hili hawezi kukosa. Akapekua nyuma ya tairi la spea, akatoa furushi la kanga kuukuu. Ndani mkanda mpya na spana namba 21. Fundo ni la baba yangu, Salma. Nalijua fundo lake.

SALMA: Allah amrehemu.

BARAKA: Amina. Yule mzee akaingiza bisibisi kwenye pengo la puli, lile gurudumu la mkanda, isizunguke, akafungua nati. Puli ikaachana vipande viwili, katikati kuna washa nyembamba. Akavisha mkanda, akatoa washa moja katikati akaihamishia nje, akakaza. Mkanda ukakaa sawasawa. Dakika 10.

SALMA: Basi baba kakuachia spana ili uitumie. Jifunze, ndugu yangu.

BARAKA: Hapana. Mwaka jana nilikaza plagi mwenyewe, nikala nyuzi za hedi, kile kichwa cha silinda plagi inapoingia. Ile ni aluminiamu. Hedi ikashushwa. Nitajifunza kusoma taa, nati namwachia fundi.

SALMA: Plagi inaanzwa kwa vidole, spana baadaye. Ulikosa wa kukuelekeza, si mikono. Gari la aina hii lilishinda Safari Rally mwaka 1962, unadhani porini walikuwa wanangoja fundi wa Kibaha?

BARAKA: Wale ni madereva wa mashindano. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kumlipa anayejua ndiyo heshima ya gari.

SALMA: Na siku anayejua hayupo barabarani?

BARAKA: Alikuwepo.

SALMA: Jumamosi hii! Baraka, hapo sikubali.

BARAKA: Nami sikubali, dada.

SALMA: Tumebakiwa na dakika 1, na yale mambo matano hatujagusa hata moja. Mtusamehe wasikilizaji. Injini inasemaje?

BARAKA: Inawaka, ila silinda ya 3 inagonga. Fundi anaifungua Jumanne aone pistoni.

SALMA: Nitakuja. Nataka nikuone umeshika spana.

BARAKA: Nitashika tochi.