Jinsi ya kutafuta vyura usiku msituni Amani bila kuwadhuru

Habari za jioni, wapendwa watazamaji. Leo tuko msitu wa Amani, juu ya Muheza mkoani Tanga. Mvua imekatika sasa hivi, na usiku wa namna hii ndio wa vyura.

Kabla hatujaingia, tazama buti zangu. Nimezisugua tope lote, nikazianika juani hadi zikakauka kabisa. Hatua hii usiiruke. Kuna kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura, nayo husafiri kwenye tope na unyevu wa viatu vyetu. Vyura wa Kihansi, kule Udzungwa, bwawa la umeme liliwapunguzia manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2003 kuvu hiyo ikakutwa kwao, na mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Waliorudishwa mwaka 2012 walitokana na wachache waliokuwa wamepelekwa kuzalishwa Marekani. Nikiwakumbuka hao, nasugua buti mara ya pili.

Haya, vaa tochi ya kichwa, ufuatane na mwongoza wageni wa hifadhi. Ukikaribia kijito, simama, uzime tochi. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini hatua zako wewe humnyamazisha chura. Subiri. Ataanza mmoja, wenzake watamwitikia. Sasa washa, nenda polepole, ukimulika majani kuanzia usawa wa goti.

Huyu hapa! Mwone alivyotulia juu ya jani. Kitaalamu anaitwa Nectophrynoides tornieri. Jike wake hatagi mayai majini, bali huzaa vyura wadogo waliokwisha kuwa na miguu, hana haja ya viluwiluwi dimbwini. Kila nikimwona nafurahi upya. Piga picha moja mbili, kisha ondoa mwanga machoni pake.

Usimshike. Ngozi yake hupitisha maji na hewa, kwa hiyo dawa ya mbu iliyo mkononi mwako itamwingia. Ukimkuta barabarani na gari linakuja, lowesha mikono kwa maji ya hapo hapo, umvushe upande aliokuwa akielekea, si kijito kingine. Kisha nawa kabla hujagusa macho, maana wapo vyura wenye sumu kwenye ngozi.

Ukiinua gogo ukaona kiumbe kama mnyoo mkubwa wa kijivu-buluu, usimpige. Si nyoka: ni jamaa wa chura asiye na miguu. Msubiri ajifiche udongoni, ndipo urudishe gogo taratibu, kama ulivyolikuta.