Kupika Bia Nyumbani Katika Jiji la Joto

Shikamooni wazee, na vijana hamjambo. Nashukuru kwa mwaliko. Naona humu wamo kina mama waliokulia kwenye mbege, na wamo vijana ambao ndio kwanza wamenunua kimea cha shayiri. Wote mna neno la kusema, na nitaacha muda wa maswali.

Nimeombwa nizungumzie vyombo. Lakini vyombo vyote nitakavyovitaja vina kazi mbili tu: kutawala joto na kulinda usafi. Kifaa kisichokusaidia kwenye mojawapo kati ya hizo, hata kiwe kinang'aa vipi dukani, usikinunue.

Cha kwanza ni kipimajoto. Ukiloweka kimea kilichosagwa kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 68, vimeng'enya vilivyomo vinageuza wanga kuwa sukari kwa muda wa saa moja hivi. Ukivuka 75, vinakufa, na hakuna dawa ya kuvirudisha. Kipime kipimajoto chako kabla hujakiamini: kitie kwenye glasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo, ukoroge, kisome sifuri. Kipimo cha maji yanayochemka kinategemea mahali ulipo. Hapa Dar es Salaam, usawa wa bahari, kitasoma 100. Nairobi maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na watu wengi huko wametupa vipimajoto vizima wakidhani ni vibovu.

Sasa nije kwenye shida kubwa ya mji huu. Umeshachemsha maji yako matamu ya kimea pamoja na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, lita 20, jikoni kuna mvuke kila mahali. Lazima uyapoze haraka. Ukitia hamira yakiwa ya moto, unaiua. Ukiyaacha yapoe yenyewe usiku kucha, bakteria watayawahi kabla ya hamira.

Chombo cha kupozea ni koili, yaani bomba la shaba lililozungushwa, ambalo maji ya bomba yanapita ndani yake. Mafundi friji wanauza bomba hilo la shaba kwa mita. Chukua mita 8 hadi 10 za bomba jembamba, lile la milimita 10. Lijaze mchanga mkavu uliochekechwa, ziba ncha zote mbili, kisha lizungushe taratibu kwenye mtungi mdogo wa gesi usio na gesi. Mchanga ndio unaozuia bomba lisijikunje na kuziba, kwa hiyo msiuruke. Ukimaliza toa mchanga, suuza ndani kwa maji mengi, sugua nje kwa siki, suuza tena. Funga mpira wa maji kila ncha kwa klipu, na hakikisha viungio viko nje ya sufuria, maana tone moja la maji ya bomba likiingia humo limekuletea wadudu. Koili itie sufuriani dakika 15 za mwisho za kuchemsha, joto liisafishe. Ukifungulia maji, tikisa koili polepole muda wote. Ukiiacha imesimama, maji yaliyo karibu na shaba yanapoa na yaliyo mbali yanabaki ya moto. Yale ya mwanzo yanayotoka yakiwa moto sana, yakinge kwenye ndoo, ndiyo ya kuoshea vyombo.

Lakini hapa maji ya bomba yenyewe yana nyuzi 28, pengine 30 mwezi wa Februari. Koili haiwezi kushuka chini ya hapo. Kwa hiyo poza kwa bomba mpaka 40, halafu chukua ndoo ya maji ya barafu na pampu ndogo ya tenki la samaki, uyazungushe ndani ya koili hiyo hiyo. Kilo 5 au 6 za barafu zinatosha lita 20 kufika nyuzi 22.

Kupoza hakujaisha hapo. Hamira nyingi za bia ya kawaida zinapenda nyuzi 18 hadi 22, na uchachu wenyewe unatoa joto: ndoo unayochachushia inaweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi kadhaa. Ikichacha kwenye 32 utapata harufu kama ya rangi ya kucha, na kichwa kitakuuma kesho yake. Mbinu ya kuivika ndoo fulana iliyolowa inafaa Dodoma, kwenye hewa kavu. Kwetu huku unyevu ni mwingi, fulana haikauki upesi, haisaidii sana. Weka ndoo kwenye beseni kubwa la maji, utumbukize chupa za barafu, uzibadilishe asubuhi na jioni. Siku tatu za kwanza ndizo zenye uzito, kwa sababu ladha nyingi mbaya huzaliwa wakati hamira inazaliana.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi: hamira ya kveik, ya wakulima wa magharibi mwa Norwe. Zamani waliikausha kwenye pete za mbao na kuitunza kizazi hadi kizazi. Inachacha vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40. Imetoka nchi ya theluji, na bado naiona kama imeumbwa kwa ajili ya Dar.

Usafi nitausema kwa ufupi, ila nina jambo la koki. Ukitoboa ndoo kufunga koki, toboa sentimita 3 juu ya kitako, ili machicha yabaki chini. Na kila ukimaliza, ifungue koki yote, vipande vyote. Utakuta ute wa kahawia nyuma ya mpira wake, na huo ndio chanzo cha bia nyingi kuwa chachu kama siki. Osha kwanza kwa sabuni, ndipo uloweke kwenye maji ya klorini isiyo na manukato, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4, kisha suuza kwa maji yaliyochemka. Klorini na siki zisikutane kamwe; hewa inayotoka hapo ni sumu. Ndoo iwe ya chakula, isiwe iliyokuwa ya rangi. Pipa la bati lenye zinki lisitumike, maana tindikali ya pombe inayeyusha zinki.

Mama pale mbele ameuliza kama bia ya nyumbani inaweza kupofusha. Kinachopofusha ni methanoli, aina ya pombe yenye sumu, na nafaka ikichacha haitoi methanoli ya kiasi hicho. Vifo tunavyovisikia kwa kawaida vinatokana na mtu kutia methanoli ya viwandani kwenye pombe ili aiuze kwa faida. Huo ni uuaji, na tuuite hivyo.

Na kijana ameuliza habari ya chupa kupasuka. Pima kwa haidromita, kile kifaa kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, siku tatu mfululizo. Namba isiposhuka tena, uchachu umekwisha. Tia sukari gramu 6 kwa lita, usizidishe. Pamoja na chupa za kioo, jaza pia chupa moja ya soda ya plastiki, uiminye kila siku. Ikiwa ngumu usiweze kuibonyeza, gesi imetosha: zote ziende kwenye friji siku hiyo hiyo.